Ndege ya Kiongozi na Jicho la Mwananchi

Katika mazungumzo yetu ya leo tutalizungumzia jambo ambalo kwa wengi huonekana kuwa ni mchezo wa vijana wasio na kazi, lakini ukilichunguza utaona kuwa limeshika mambo mawili makubwa: usalama wa taifa na haki ya mwananchi. Jambo lenyewe ni kuzitazama, kuzitambua na kuzipiga picha ndege za abiria za kijeshi, pamoja na ndege nyingine za dola, zinazowachukua viongozi wa serikali.

Kila mkazi wa sehemu zetu hizi analijua jambo hili, hata kama hajapata kulipa jina. Ndege ya kiongozi inapokaribia, watoto hutoka madarasani, wachuuzi wa Ruti huacha ndizi zao juu ya meza, na madereva wa malori yaendayo Kabale na Katuna hushuka wakainua nyuso zao juu. Zamani mambo yalikomea hapo. Mtu alitazama, akastaajabu, akarudi kazini kwake. Leo mikono mingi ina simu yenye kamera, na kile ambacho jicho lilikiona na kukisahau, simu hukiona na kukihifadhi, kisha hukipeleka mpaka Nairobi, Bujumbura au Ulaya kabla ndege yenyewe haijazima injini zake.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Kijana aliyesimama nje ya seng'enge ya kiwanja cha ndege, akaipiga picha ndege iliyomleta mkuu wa nchi, je, ni mpenda ndege au ni mpelelezi? Na askari anayemkamata, akamnyang'anya simu na kumlaza mahabusu, je, analilinda taifa au analifedhehesha? Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini wahenga hao hao walisema tahadhari kabla ya hatari. Kazi yetu jioni ya leo ni kuzipatanisha kauli hizo mbili.

Kwanza tuzifahamu ndege zenyewe. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kila serikali ina utaratibu wake. Nchini Kenya, ndege ya jeti ya rais ni mali ya jeshi la anga. Ni ndege aina ya Fokker 70 iliyonunuliwa katikati ya miaka ya 1990, yenye namba ya kijeshi 308, na makao yake ni kambi ya Moi iliyoko Eastleigh, Nairobi. Ndege hiyo imewachukua marais zaidi ya mmoja. Nchini Tanzania, ndege za viongozi husimamiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na ile kubwa inayofahamika zaidi, Gulfstream 550, imeandikwa ubavuni herufi 5H-ONE. Uganda nayo mwaka 2009 ilipokea ndege ya aina hiyo hiyo ya Gulfstream 550, yenye herufi 5X-UGF.

Herufi hizo si siri, wala hazikuandikwa kwa bahati mbaya. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa safari zote za anga duniani, unaamuru kwamba kila ndege ya kiraia isafiriyo kati ya nchi na nchi iwe na alama za uraia wake na usajili wake. Ndiyo maana ndege za Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Y, za Tanzania 5H, za Rwanda 9XR na za Burundi 9U. Mkataba huo huo, katika kifungu chake cha tatu, unazitenga ndege za dola, yaani zile zinazotumika katika kazi za jeshi, forodha na polisi, na kusema kwamba haziruhusiwi kupita juu ya nchi nyingine bila ya idhini. Kwa hiyo ndege ya kijeshi iliyombeba rais ni chombo chenye hadhi mbili: ni gari la kumfikishia mtu mkutanoni, na papo hapo ni kipande cha dola kinachoelea angani.

Yuko msikilizaji atakayeuliza: ni faida gani anayopata mtu kwa kusimama juani saa tatu ili apate kuandika namba ya ndege katika daftari? Katika nchi za Ulaya kazi hiyo imekuwa burudani ya watu wengi kwa miaka mingi. Wako wanaokusanya stempu, wako wanaokusanya namba za ndege. Tena yapo mazingira ambamo burudani hiyo iligeuka kuwa huduma kwa taifa. Mwaka 1940, Uingereza iliposhambuliwa kutoka angani na Ujerumani, maelfu ya raia wa kawaida, wakiwemo walimu, wakulima na wauza maduka, walikaa vilimani usiku na mchana wakizitambua ndege kwa umbo na kwa mngurumo wake, na kupiga simu kutoa habari. Mitambo ya reda ya siku hizo ilitazama zaidi upande wa bahari, na ndege ikishapita pwani ilikuwa ni jicho la raia lililoifuata.

Sisi wenyewe tunayo mafunzo ya karibu zaidi kuhusu gharama ya kutoitambua ndege. Katika siku za mwanzo za vita vya Kagera, mwaka 1978, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa huko Musoma na mizinga ya Tanzania yenyewe, kwa sababu walioiendesha mizinga hiyo waliwadhania wenzao kuwa ni adui. Jicho lisilofunzwa ni hatari kwa adui na kwa rafiki pia. Kwa hiyo tusiwacheke vijana wanaojua kuitofautisha Fokker na Gulfstream kwa kuyatazama mabawa yake tu. Elimu hiyo ina thamani.

Lakini, ndugu wasikilizaji, haki inatutaka tuupime pia upande wa walinzi. Hofu yao haikutoka hewani. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ndege nne za Hercules za jeshi la Israeli zilitua Entebbe kwenda kuwachukua mateka. Ndani ya ile ya kwanza mlikuwa na gari jeusi la Mercedes lililotengenezwa lifanane na gari la Rais Idi Amin, kwa makusudi ya kuwahadaa askari wa zamu. Wavamizi walikuwa wamejifunza jinsi mkubwa wa nchi anavyosafiri, kisha wakaivaa sura hiyo kama joho. Na wanahistoria husimulia kwamba hila hiyo ilianza kufichuka pale askari wawili wa zamu walipolitilia shaka gari lile, kwa kuwa Amin siku hizo alikuwa ameanza kutumia gari jeupe. Katika kisa hicho kimoja tunaona mambo mawili. Ujuzi wa mienendo ya kiongozi waweza kuwa silaha mkononi mwa mvamizi, na ujuzi huo huo waweza kuwa ngao kwa mlinzi aliye macho.

Sheria za nchi zetu zilizaliwa katika hofu za namna hiyo. Uganda inayo Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1964. Tanzania inayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Kenya inayo sheria ya maeneo yaliyohifadhiwa. Zote hizo, kwa maneno yanayotofautiana, zinamkataza mtu kuingia mahali pa ulinzi, au kuchora na kukusanya habari za mahali hapo kwa nia ya kuidhuru nchi. Tunalisisitiza neno hili: nia. Sheria ya Uganda haikusema kwamba mwenye kutazama ni mhalifu. Ilimlenga yule akusanyaye habari kwa kusudi la kuudhuru usalama au maslahi ya taifa.

Na katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 41, imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile ambazo kutolewa kwake kutahatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia siri ya maisha ya mtu mwingine. Kwa hiyo haki ndiyo kanuni, na katazo ndilo linalohitaji kuelezwa sababu yake.

Ni nini hutokea mambo hayo mawili yanapochanganywa? Tutazame nje kidogo. Mwezi Novemba 2001, huko Kalamata nchini Ugiriki, polisi waliwakamata wapenda ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, waliokwenda kutazama maonyesho ya ndege na kuandika namba za ndege za kijeshi. Walikaa gerezani wiki kadhaa. Mwezi Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani: wanane kwa upelelezi, wakahukumiwa miaka mitatu, na sita kwa kuwasaidia wenzao. Mwezi Novemba mwaka huo huo mahakama ya rufani iliwaachilia wote, baada ya kuridhika kwamba hawakuwa wapelelezi bali watu wenye mapenzi yasiyo ya kawaida. Muda wa mwaka mzima wa polisi, waendesha mashtaka na mahakimu wa nchi ile uliteketea kwa ajili ya madaftari ya namba. Hao walikuwa ni watu wenye balozi za kuwatetea na magazeti ya kuwapigia kelele. Je, kijana wa Ruti, au mkimbizi wa Nakivale ambaye ubalozi wa nchi yake ndio anaoukimbia, atatetewa na nani?

Hapa ndipo tunapotaka msikilizaji atufuate kwa makini, maana jambo hili la ndege na viongozi lina jeraha lake katika sehemu zetu, na jeraha hilo halijapona.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, viongozi wa eneo hili walikuwa wamemaliza mkutano wao mjini Dar es Salaam chini ya uenyekiti wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Rais Juvenal Habyarimana wa Rwanda alipanda ndege yake ya jeti aina ya Falcon 50, zawadi aliyopewa na Ufaransa, iliyokuwa ikiendeshwa na Wafaransa watatu. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi aliomba kusafiri naye. Ilipokaribia kutua Kigali usiku, ndege hiyo ilipigwa kwa kombora, na mabaki yake yakaanguka katika eneo la nyumba ya rais mwenyewe huko Kanombe. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa. Usiku ule ule mauaji yakaanza, na kwa muda wa siku mia moja hivi Rwanda ikazama katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tuseme wazi, ili asije mtu akapotoa maneno yetu: kuanguka kwa ndege hakukuyazaa mauaji yale. Orodha za watu wa kuuawa zilikuwa zimekwisha andikwa, na mapanga yalikuwa yamekwisha gawiwa. Ndege ilikuwa kisingizio.

Lakini swali la nani aliyeipiga ndege ile limeendelea kuwagawa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Na kwa nini likaendelea hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba ushahidi wa saa za kwanza ulizuiwa au ulipotea. Askari wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kwenda mahali ilipoanguka walizuiwa na walinzi wa rais. Mashahidi walisema waliona miali ikipanda angani. Wako waliosema ni miwili, wako waliosema ni mitatu. Mmoja alisema ilitoka huku, mwingine akasema ilitoka kule. Mwaka 1998 tume ya bunge la Ufaransa iliwekewa mbele yake picha za mtambo unaodaiwa kuwa ndio uliorusha kombora. Ilipozichunguza, ikaona kwamba huenda mtambo ule haukuwa umetumika kabisa. Mwaka 2004 kukatokea habari kwamba chombo cha kurekodi mambo ya safari kimegunduliwa ndani ya kabati huko makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Kilipofunguliwa na kusikilizwa, ikaonekana kwamba si cha ndege ile. Mwaka 2006 hakimu mmoja wa Ufaransa alitoa shutuma upande mmoja. Mwezi Januari 2012 wataalamu waliotumwa Kigali na mahakimu wengine wa nchi hiyo hiyo, waliopima njia za makombora na jinsi sauti inavyosafiri, walitoa taarifa iliyosema kwamba yumkini makombora yalitoka eneo la kambi ya Kanombe. Mwezi Desemba 2018 jalada la Ufaransa likafungwa bila ya mtu kufikishwa mahakamani.

Fikirini, ndugu wasikilizaji. Wataalamu walisafiri kutoka Ulaya, miaka kumi na sita baada ya tukio, kwenda kupima njia za makombora juu ya vilima, kwa sababu usiku ule hapakuwa na kumbukumbu ya kuaminika ya dakika tatu. Pale kumbukumbu ilipokosekana, uvumi ulijaza nafasi. Na uvumi katika nchi zetu hizi si hewa tupu. Uvumi una miguu, tena hubeba panga.

Nakivale ipo shahidi. Makazi yale yalianza kuwapokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo yamekusanya zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, wanaokutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo, na Nakivale imejaa watu waliokuwa nyasi. Wamo humo Warundi waliompoteza rais wao katika ndege ile, na wamo watu wa Rwanda waliouona moto uliofuata. Kila mmoja alikuja na masimulizi yake, na watoto waliozaliwa huku wameyarithi masimulizi hayo pamoja na sufuria na mikeka ya wazazi wao. Laiti ukweli wa usiku ule ungehifadhiwa mapema na kutangazwa, mzigo huo wa urithi ungekuwa mwepesi zaidi.

Wala si Kigali peke yake. Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji, aina ya Tupolev 134, ilianguka Mbuzini, ndani ya mpaka wa Afrika Kusini ya makaburu. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani. Wataalamu wa Urusi ya wakati ule walisema ndege ilivutwa na ishara za uongo. Mpaka leo wananchi wa Msumbiji hawajapewa jibu linalowatosha. Na tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi la Malawi iliyokuwa imemchukua Makamu wa Rais, Saulos Chilima, ilipotea katika misitu ya kaskazini, na taifa zima likakesha bila kujua ilipo mpaka siku iliyofuata. Katika misiba yote hiyo, hatua ya kwanza ya wananchi ilikuwa ni kuuliza, na msiba wa pili ulikuwa ni kukosa jibu.

Sasa tuyalete mambo hayo hapa nyumbani. Mbarara inajua maana ya kulizuia jicho lisitazame. Mwezi Julai 1971, Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mwalimu wa Makerere Robert Siedle, walifika katika kambi ya Simba hapa Mbarara wakiuliza habari za askari waliosemekana kuuawa humo. Hawakuonekana tena. Jaji David Jeffreys Jones, aliyepewa kazi ya kuchunguza, aliandika kwamba waliuawa na askari wa kambi hiyo, na taarifa yake aliitoa akiwa amekwisha ondoka nchini. Wauaji wale walidhani kwamba ukimwondoa mwenye kuuliza, swali nalo hufa. Swali halikufa. Lilimfuata Amin miaka yote iliyobakia ya utawala wake, na linakumbukwa hata leo.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu tofauti iliyopo kati ya dola yenye nguvu na dola yenye hofu ni hiyo. Dola yenye nguvu huweka mpaka, ikautangaza, ikausimamia kwa haki. Dola yenye hofu humkamata kila mwenye macho.

Tena kuna upande wa fedha za umma. Ndege ya kiongozi hainunuliwi kwa mshahara wa kiongozi. Hununuliwa kwa kodi ya mwuza maziwa wa Isingiro na ushuru wa mwenye lori anayelala Ruti. Gharama ya ile Gulfstream ya Uganda ilitajwa kuwa kadiri ya dola milioni 48 za Kimarekani. Tunakubali kwamba mkuu wa nchi hawezi kusafiri kwa basi. Usalama wake ni usalama wetu sote, na ndege mbovu ni akiba ya matanga. Lakini mwenye mali ana haki ya kuijua mali yake, imekwenda wapi na kwa kazi gani. Nchini Malawi ununuzi wa ndege ya rais mwaka 2009 uliwaudhi wananchi na wafadhili. Mwaka 2013 Rais Joyce Banda aliiuza ndege hiyo kwa dola milioni 15, na ndipo wananchi walipoanza kuuliza fedha hizo zimetumikaje. Serikali inayotangaza mapema hupunguza maswali. Inayoficha huyazidisha.

Tena picha ya mpenda ndege imewahi kumtetea mnyonge. Mwezi Januari 2004, katika kiwanja cha kisiwa cha Mallorca, Hispania, mtu mmoja mwenye mapenzi yake aliipiga picha ndege ya Boeing 737 iliyokuwa haina jina la shirika. Baadaye ikafahamika kwamba ndege hiyo ilitumiwa na shirika la ujasusi la Marekani kumsafirisha kwa siri raia mmoja wa Ujerumani kutoka Makedonia mpaka gerezani Afghanistan, naye hakuwa na kosa. Tarehe 13 Desemba 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa haki yake. Picha ile, iliyopigwa bila ya nia ya siasa, ikawa ni sehemu ya ukweli ambao wakubwa hawakutaka ujulikane.

Pia yatupasa kutambua kwamba dunia imebadilika. Ndege nyingi za leo zina mtambo ambao kila sekunde hutangaza hewani utambulisho wake, mahali ilipo, kimo chake na mwendo wake, ili ndege nyingine na waongozaji wa safari wapate kuiona. Mtu mwenye kipokezi kidogo cha bei nafuu aweza kuyapokea matangazo hayo akiwa kibarazani kwake. Tangu mwaka 2016 wako waandishi wa Uswisi waliotumia njia hiyo kutangaza kila ndege ya mtawala wa kiimla inapotua Geneva. Marubani wa kijeshi huweza kuuzima mtambo huo inapolazimu. Basi, ikiwa safari ina siri, njia ya kuilinda ni kuuzima mtambo na kubadili ratiba. Kumnyang'anya simu mtoto aliyesimama kando ya barabara hakulindi kitu ambacho ndege yenyewe imekwisha kitangaza kwa dunia nzima.

Baada ya kuyasema hayo, tufanye nini?

Kwa vijana wetu, wa Ruti na wa Nakivale, ushauri wetu ni huu. Kutazama si kosa, lakini si kila unachokiona ni cha kutangazwa. Ndege iliyokwisha tua mbele ya umati wa watu na bendi ya tarumbeta haina siri. Lakini mahali walinzi walipojipanga, njia msafara utakayopita kabla haujapita, saa ya kuondoka ambayo haijatangazwa, na mambo yaliyo ndani ya uzio wa jeshi, hayo ni mambo ambayo mzalendo huyafunga kinywani. Ukiona kibao cha kukataza, kitii. Ukiambiwa na askari uondoke, ondoka, kisha ulalamike kwa njia ya haki. Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito zaidi, maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka atii sheria za nchi na asishiriki katika jambo lolote la kuhatarisha usalama wa dola iliyompa hifadhi. Picha moja isiyo na maana yaweza kumgharimu mtu utulivu alioutafuta kwa miaka kumi.

Kwa walinzi wetu tunasema: kazi yenu ni nzito na tunaiheshimu. Lakini mpelelezi wa kweli hasimami mbele ya umati akiinua simu juu ya kichwa chake. Mtu wa namna hiyo ni mwananchi anayetaka kumwonyesha mama yake kwamba na yeye alikuwapo. Mwulizeni kabla ya kumkamata. Mwonyesheni mpaka kabla ya kumshitaki kwa kuuvuka. Na mkimshika, mpelekeni mbele ya sheria. Msimhukumu ninyi kando ya barabara.

Na kwa wenye mamlaka tunasema: wekeni vibao vinavyosomeka, kwa lugha ambazo watu wanazisema. Katika sehemu hii hizo ni Kinyankole, Kiswahili na Kinyarwanda, si Kiingereza peke yake. Tangazeni kwa umma ni mahali gani pamekatazwa na ni mahali gani pameruhusiwa. Tangazeni pia, safari ikiisha, kiongozi alikwenda wapi na amerudi na nini. Kisha kumbukumbu za safari hizo zihifadhiwe, ili ikitokea ajali, Mungu apishe mbali, taifa lisilazimike kuutafuta ukweli juu ya vilima miaka mingi baadaye.

Ndugu wasikilizaji, dola na raia wake hawana budi kuaminiana, na kuaminiana hakuji kwa kufumba macho. Kunakuja pale ambapo raia anajua mpaka wake ulipo, na dola nayo inajua wake. Ndege ya kiongozi inapopita juu ya vilima vyetu, kila anayeinua uso wake kuitazama ana sehemu yake katika ndege ile: wengine kwa kodi waliyoilipa, na wengine, kama ndugu zetu wa Nakivale, kwa sababu ndege moja iliyoanguka zamani ilichangia kuwafikisha mahali walipo. Watu hao wana haki ya kutazama. Na wakitazama kwa utii wa sheria, taifa litakuwa limepata walinzi wengi kuliko lililowaajiri.